Mkate Uliokataa Kushuka

Nakuandikia wewe ambaye siku hizi unakunywa maji baada ya kila tonge, halafu ukiulizwa unasema ni pilipili. Wewe unayekula ukiwa umegeukia dirisha ili watu wa nyumbani wasione unavyonyoosha shingo. Nakujua. Nilikuwa hivyo, na visingizio vyangu vilikuwa vizuri kuliko vyako, kwa sababu mimi kazi yangu ni chakula.

Nina hoteli ndogo Gilgil, kando ya barabara kuu. Napika chapati, ndengu na chai, na Jumapili nafunga. Wateja wangu ni wanajeshi wa kambini, watu wa viazi na madereva waliochoka. Mtu akiacha chakula kwenye sahani yangu namfuata hadi mlangoni nimuulize kulikoni. Kwa hivyo lililonipata lilikuwa na kichekesho chake: mwenye hoteli ameshindwa kumeza.

Kazi yangu nyingine, ile ninayoipenda zaidi, haina mshahara. Naandaa Meza ya Bwana kanisani kwetu. Jumamosi alasiri, kesho yake ikiwa ni ushirika, naoga, nafunga kitambaa kisafi, napangusa meza ya jikoni na kukata mkate. Kwanza natoa ile ngozi ya kahawia ya pembeni. Ile nyeupe naikata vipande vidogo vya kutosha ncha ya kidole, kisha naandaa vigilasi vya juisi nyekundu. Zile pembe za mkate huliwa na watoto wa jirani kwa chai, na siku yenyewe wanaijua kuliko mimi. Nimefanya hivyo tangu binti yetu Wanjiru, ambaye tunamwita Shiro, akiwa mgongoni.

Ugali ndio ulitangulia kunigomea. Chapati ikafuata, kisha hata wali. Nilinunua dawa ya asidi nikaimaliza, nikanunua nyingine. Nikapungua mwili, na wateja wakanisifu.

"Mathe, umekuwa slim! Unafanya mazoezi wapi?"

"Hapa hapa," nikajibu. "Ya kubeba masufuria."

Halafu ikaja ile Jumapili ya ushirika ya Januari, wakati wa vumbi na upepo. Kipande nilichokikata kwa mkono wangu, kidogo vile, kiliingia kooni kikasimama. Nikameza mate, na mate nayo yakasimama juu yake. Nikashikwa na kwikwi. Nikatoka nje mbio nimeziba mdomo, nikainama kwenye nyasi karibu na ua, nikakitema mbele ya kila aliyekuwa amekaa upande wa dirisha. Kilitoka kizima.

Sasa, kwetu kuna fundisho, na kama wewe ni mtu wa kanisa unalijua: anayeshiriki Meza ya Bwana isivyostahili anajiletea ugonjwa. Husemwa kabla ya sahani kupita, na watu huinamisha vichwa wakijichunguza. Basi wenzangu hawakuona koo gonjwa. Waliona hukumu. Wiki haikuisha kabla ya akina mama wote wa kanisa kujua kwamba mkate umemkataa Mama Shiro.

Mama Ruth, mwenyekiti wa akina mama, alikuja nyumbani na wenzake wawili. Wakakataa chai, na hapo nikajua mambo ni mazito.

"Dada," akasema, "tumekuja kwa upendo. Kama kuna kitu umeficha, leo ndiyo siku ya kukitoa. Mungu si mkali ukitubu."

"Mama Ruth, kinachonisumbua ni koo."

"Koo ni mahali tu. Kitu chenyewe kiko ndani ya roho."

"Basi nisaidie kukitafuta, kwa sababu mimi nimetafuta nikakosa."

Hakucheka. Akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, kwamba wameonelea nipumzike kidogo kazi ya Meza. Kuna mtu mwingine atakayekata mkate. Niliwasindikiza hadi kwenye geti kwa heshima zote, nikarudi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia kwa hasira. Nakwambia ukweli, habari ya saratani ilipokuja haikuniliza vile.

Mume wangu anafanya kazi Olkaria, anaunganisha mabomba ya mvuke, na huja nyumbani mwisho wa wiki. Baba Shiro si mtu wa maneno mengi. Nilipomweleza alivua viatu, kisha akasema, "Mimi kwa hiyo kanisa sirudi tena." Suti yake ya Jumapili akaiingiza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na dawa ya nondo. Nikabaki na koo lililofungwa na mume aliyefunga moyo, na sikujua niombee kipi kwanza.

Mvua za kupanda zilipoanza, sikuweza tena kumeza uji mzito. Tukaenda Nakuru.

Kuna korido kule hospitalini ambayo naijua kuliko sebule yangu. Mabenchi ya chuma, baridi ya asubuhi inayopanda kutoka sakafuni, na watu wengi wa koo kama mimi, kila mmoja na kopo lake la kutemea mate. Hakuna anayekuambia kuhusu mate. Yakikosa pa kwenda yanarudi, usiku na mchana. Beba kopo lenye kifuniko na leso nyingi, na usione haya, sote tulikuwa nalo.

Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Kiptoo, mkulima kutoka upande wa Molo, mrefu, amevaa koti lililomtosha enzi alipokuwa na mwili. Kila siku ya kliniki alikuja na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Yeye mwenyewe hakuweza kuinywa hata tone. Alikuwa akiwamiminia waliokuja kusindikiza wagonjwa, halafu anawakazia macho.

"Kunywa polepole, mama," alimwambia Shiro siku ya kwanza, alipotoka chuoni kuja kunisindikiza. "Nataka kuona ikishuka."

Nilidhani ni uchungu umemchanganya. Nikamuuliza kama haimtesi.

"Ilinitesa," akasema. "Nikamwambia Mungu, kama umenifungia mlango, nipe basi furaha ya kuona wengine wakipita. Akanipa. Hata sikuamini. Sasa nikiona mtu anakunywa hivi, mimi nashiba."

Alisema hivyo huku mate yakimdondoka, akayapangusa, akatabasamu. Nilimwonea wivu. Miaka yote ile ya kukata mkate, mimi furaha ya namna hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na furaha ya mambo kwenda sawa, na mambo yalipoacha kwenda sawa ikaenda nayo.

Walinipitisha kamera kooni, wakachukua kipande cha nyama wakakipima. Daktari, msichana wa kutosha kuwa binti yangu, alivuta kiti akakaa karibu kabla ya kusema. "Mama, ni saratani ya bomba la chakula. Lakini iko mahali tunaweza kupigana nayo." Baba Shiro aliuliza maswali. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vya daktari, vilikuwa na matope ya mvua kama vyangu, na kwa sababu ambayo siijui hilo lilinituliza.

Ili nipate nguvu ya matibabu, walinitoboa tumbo wakaniwekea mpira mwembamba wenye kifuniko. Chakula kikaacha kupitia mdomoni. Shiro alikuwa bado chuoni, akaahirisha masomo arudi kunilisha. Nilimkatalia, nikamfokea.

"Mum, chuo itangoja," akasema. "Wewe ndio sina spare."

Alisaga viazi, maziwa na mayai, akachuja kwa kichungi cha chai, akanimiminia polepole kwa bomba la sindano. Nami nikawa nimelala kama gari kwenye kituo cha mafuta. Na hapa nicheke kidogo: mume wangu anafanya kazi kwenye mvuke unaowasha taa za nchi, na kwetu stima ilipotea kila mvua ikitisha tu. Blenda ikigoma, Shiro alitwanga chakula changu kwenye kinu cha bibi yake huku akiimba kwa kelele ili nisisikie akilia. Nilisikia vyote viwili.

Kemo ikaanza, zile dawa kali za saratani. Nywele zilianguka kwenye mto, kucha zikawa nyeusi, sketi zote nikazibana kwa pini. Ladha ya chuma ilikaa mdomoni hata siku ambazo mdomo haukuwa na kazi. Hayo yote yanavumilika, na mengi yanaondoka, kwa hivyo usikimbie. Kilichonishinda kilikuwa kingine. Baba Shiro aliacha kula mbele yangu.

Alikuwa akichukua sahani yake na kwenda kusimama nyuma ya jikoni. Siku moja mvua ilikuwa ikinyesha, nikachungulia, nikamwona amejibanza chini ya mabati akila mukimo haraka haraka, maji yakimwingia kwenye kola. Nikatoka na mpira wangu ukining'inia.

"Baba Shiro, mbona unakula mvuani kama mwizi?"

"Siwezi kula ukiniangalia."

"Mimi nataka kuangalia. Ingia ndani ukule, nione ikishuka."

Nilikuwa nimeazima maneno ya Mzee Kiptoo, na sikuwa na hakika yatanifaa. Baba Shiro aliingia. Akakaa. Akala tonge la kwanza kwa shida kuliko mgonjwa, machozi yakianguka kwenye sahani. Mimi nikamtazama, na ndani yangu kikapita kitu kidogo cha raha, kidogo sana, kama mtu amefungua dirisha chumba cha pili. Tangu siku hiyo hakutoka nje tena.

Kisha ukaja mwezi wa baridi, wa saba, ule ambao Gilgil ukungu haupandi hadi mchana. Nilikuwa katikati ya kemo, dhaifu, sijaingia kanisani miezi mingi. Jumamosi moja mbwa akabweka, na Baba Shiro akafungua mlango. Alikuwa pasta mpya, kijana aliyehamishiwa kwetu majuzi, ameshika kikapu kidogo. Nyuma yake alisimama Mama Ruth.

Baba Shiro hakusogea mlangoni.

"Pasta, mke wangu aliambiwa mkate umemkataa. Mmemletea mwingine umkatae tena?"

"Mzee, hayo maneno nimeyasikia," pasta akasema. "Mimi siyaamini, na nimemwambia mama hapa hivyo hivyo. Yesu aliita wagonjwa mezani. Naomba niingie."

Nikaita kutoka kitandani kwamba baridi inaingia, wasuluhishe mambo yao huku. Wakaingia. Mama Ruth akakaa ukingoni mwa kiti akitazama mikono yake. Pasta akatandaza kitambaa cheupe kwenye stuli, akaomba, akasema maneno yake ya ushirika vizuri kabisa, akachukua kipande cha mkate, akaninyooshea.

Ndipo akauona mpira ukichungulia chini ya sweta yangu.

Maskini kijana wa watu. Nadhani kule chuo cha wachungaji walimfundisha kila kitu isipokuwa hilo. Mkono wake ulibaki hewani. Ile hali ya kanisani ikanirudia yote: mkate uko mbele yangu, watu wananitazama, na mimi siwezi. Nilitarajia aibu. Badala yake nikaanza kucheka. Kicheko cha kweli, cha tumboni, hadi jeraha la mpira likaniuma nikalishika.

"Pasta, juisi ina njia," nikasema. "Shida ni mkate peke yake."

Nikainua sweta kidogo. Shiro akaelewa, akaleta bomba la sindano na kichungi chake cha chai, akachuja juisi ya kigilasi kile kama alivyochuja kila kitu. Sista wa kliniki alikuwa ameturuhusu vinywaji vyepesi. Shiro akamshikisha pasta lile bomba. Pasta akamimina, na sote watano tukatazama ile nyekundu ikishuka kwenye mpira, polepole, hadi ikaingia. Niliusikia ubaridi wake ndani kabisa ya tumbo. Haikukwama popote.

Mkate ukabaki kwenye kiganja cha pasta. Akawa hajui aurudishe kikapuni au afanye nini. Baba Shiro, ambaye muda wote alikuwa ameegemea ukuta na mikono kifuani, akaja akapiga magoti kando ya kitanda changu.

"Lete hapa," akasema. "Siku ya harusi mlituambia sisi ni mwili mmoja. Basi nitakula wa huyu."

Pasta alimtazama, akanitazama mimi, akampa. Baba Shiro akautia mdomoni bila kuniondolea macho. Akatafuna. Akameza.

"Umeshuka?" nikamuuliza.

"Umeshuka, Mama Shiro. Umeshuka wote."

Sijui nikuambieje kilichonipata. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nilijawa na furaha, hivyo tu, nikajawa hadi nikashindwa kulala chali nikataka kukaa. Nilikuwa nimedhani niko nje ya meza, nikingojea koo lifunguke ndipo nirudi. Kumbe Mwenyewe alikuwa amehamisha meza, ameileta hadi kwenye blanketi langu, akapita kwenye mpira, akapita kwenye mdomo wa mume aliyekasirika. Kama anaweza kunifikia hivyo, hakuna mlango wa mwili wangu ambao ukifungwa utamfungia nje. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Mama Ruth alikuwa akilia. "Dada, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Shika hili bomba uende kulisuuza, maji ya moto yako jikoni."

Akaenda mbio. Hakurudi haraka, na aliporudi alikuwa ameosha na vyombo vyote vya asubuhi. Tukanywa chai, yaani wao walikunywa na mimi nikatazama ikishuka.

Sikupona siku hiyo, usije ukanielewa vibaya. Baada ya hapo ndiyo ikaja mionzi, na ngozi ya kifua ikawa nyeusi ikachubuka. Nilitapika nyongo. Kuna asubuhi nilizomwambia Shiro aniache tu. Lakini furaha ile haikuondoka. Mara nyingine ilikaa chini sana, ikawa lazima niitafute, lakini kila nilipoitafuta niliikuta pale pale. Ile ya zamani ilikuwa ikingoja habari njema. Hii haikungoja kitu.

Wakati huo Mzee Kiptoo alikosekana kwenye benchi. Binti yake alikuja kutuaga na ile chupa ya chai mkononi. Alisema mzee aliondoka mchana, watu wakiwa wanakula, na maneno yake ya mwisho yalikuwa kumwambia mjukuu asiache nyama kwenye mfupa. Tulilia na tukacheka, hapo hapo kwenye korido. Mzee hakufunguliwa koo, na sijawahi kuona mtu aliyeondoka ameshiba kama yeye. Binti akaniachia chupa. Mpaka leo nikienda Nakuru kupimwa naijaza chai, nawamiminia watu wa benchini, na kama umewahi kukutana na mama anayekukazia macho ukinywa, ndiye mimi.

Mahindi yalipokuwa yakikauka shambani, asubuhi moja nilikuwa nikimfokea kuku aliyeingia jikoni, nikameza mate. Hivi hivi, bila kufikiri. Nikanyamaza. Nikameza tena. Shiro akaja mbio akidhani nimeanguka, akanikuta nimesimama katikati ya jikoni nikimeza hewa na kucheka. Tukaanza na kijiko cha maji. Baadaye uji mwepesi, kisha parachichi lililoiva sana. Kamera ilipopita tena, yule daktari binti alitazama muda mrefu, kisha akaniambia kwamba haoni kitu. Wakautoa mpira. Kovu lake naligusa kila nikivaa.

Jumapili ya ushirika ya Desemba, Baba Shiro aliitoa suti kwenye mfuko. Ilinuka dawa ya nondo kanisa zima, na alikaa safu ya mbele nayo. Mama Ruth ndiye aliyekuwa amekata mkate. Sahani iliponifikia, niliona kipande kimoja pembeni kimekatwa kidogo kuliko vyote, kama punje ya mchele, na nikainua macho nikamwona amesimama nyuma ya pasta na gilasi ya maji, tayari.

Nikala. Nikangoja. Ukashuka.

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo nasikia vilifika hadi kambini. Watu walinikumbatia, wakaniambia, "Mama Shiro, leo ndiyo una furaha!" Nikawashukuru, kwa sababu walikuwa wakinipenda, na kusema kweli mkate ulikuwa mtamu. Lakini furaha ilikuwa imefika zamani, kwenye baridi, wakati hakuna kilichoweza kushuka. Siku hiyo mkate ulikuja tu kuikuta.

Nimerudi kwenye kazi yangu ya Jumamosi. Mama Ruth hunisaidia, na watoto wa jirani wamerudi kudai pembe zao. Siku hizi naweka sahani mbili. Ya pili ina kigilasi kilichochujwa kwa kichungi cha chai na kipande kilichokatwa kama punje ya mchele, na kiti cha pembeni karibu na mlango huachwa wazi. Hicho ni chako, wewe wa kunywa maji kila baada ya tonge. Nenda hospitali kwanza, kesho, usingoje. Halafu uje. Na mkate ukikataa kushuka usikimbilie nje, mume wangu atakuwa amekaa hapo karibu na suti yake ya dawa ya nondo, na atakula wako.